Mgongo Wangu Haujawahi Kuuma

Sogezeni viti, wanangu, mkae mahali ambapo sitahitaji kupaza sauti, maana pumzi iliyobaki ni ya kupimia, na mchana huu nimejaliwa nguvu kidogo ambazo sijui kama zitarudi tena. Mama yao, wewe kaa hapo hapo miguuni pangu, na ukiona natia chumvi nifinye kidole gumba. Mdogo wangu, acha kusimama mlangoni kama askari wa zamu, ingia ukae. Mkubwa, zima hiyo redio. Na wewe Mwalimu, binti yangu kitindamimba, vua hiyo miwani ya giza, tumo ndani ya nyumba, nataka kukuona macho. Haya, basi, usivue. Baki nayo. Tutaifikia.

Daktari wa kifua amewaambia ninyi kwamba zimebaki siku chache, na ninyi mkaja kuniambia mimi kwamba ni kikohozi kilichokomaa, nami nikanyamaza nikawashukuru moyoni, kwa sababu najua mmenidanganya kwa mapenzi. Lakini nimewaita hapa kwa ajili ya uongo wa namna hiyo hiyo, uongo ambao nyumba hii imeishi ndani yake miaka ishirini na saba, na fundi aliyeujenga ni mimi.

Nianze na mali kwa sababu ni fupi. Nyumba ni ya mama yenu mpaka siku yake, na asiwepo wa kumuuliza ataiuza lini au atampangisha nani. Karakana ya makochi, pamoja na cherehani mbili, meza ya kukatia na mafurushi yote ya vitambaa, ni ya Mkubwa. Ukitaka kuiendesha, iendeshe. Ukitaka kuifunga ukafanye jambo jingine, ifunge, na asitokee mtu kukuambia kwamba umeliangusha jina la baba yako; sababu yake utaisikia sasa hivi. Nyundo yangu ya misumari midogo, ile niliyoibadilisha mpini mara nne, mpeni mdogo wangu, angalau uzeeni ajifunze kufanya kazi. Cheka tu, ndugu yangu, unajua nasema kweli. Mwalimu, sijakusahau. Chako kimo ndani ya hilo kochi ulilokalia, na kitatoka zamu yake ikifika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mgongo wangu haujawahi kuuma hata siku moja.

Msitazamane. Sijaanza kuweweseka. Ule ubao chini ya godoro, ile mikanda ya kukaza kiuno, yale mafuta ya kuchua yaliyonukisha shuka zetu zote, yale mambo ya "msimsumbue baba, mgongo wake," zile Jumanne za kwenda hospitali kila mwezi, vyote hivyo vilikuwa kwa ajili ya mgongo mzima kama wa punda. Nilikuwa mgonjwa, hilo ni kweli, tena mgonjwa kwelikweli. Ugonjwa wangu unaitwa sonona, na huko nilikokuwa nikienda ni kliniki ya magonjwa ya akili, lile jengo la rangi ya maziwa nyuma ya hospitali kuu, ambalo watu wakilipita hugeuza uso upande wa pili. Nimelisema. Mama yenu, umeona? Nimelisema na dari haijaanguka.

Ugonjwa ulinianza wewe Mkubwa ukiwa ndiyo kwanza unang'oka meno ya utoto. Watu hudhani ni huzuni, lakini huzuni ningeijua, maana nilishamzika baba yangu na nikalia na nikamaliza kulia. Huu haukuwa na kilio. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nilikuwa nakula chakula cha mama yenu kama ninayetafuna sponji, na ninyi mnajua mama yenu anavyopika. Nilikuwa nafika karakana, nashika nyundo, naweka msumari mmoja mdomoni kama tufanyavyo mafundi, na inapofika saa sita msumari ule ule uko mdomoni, na kochi liko vile vile nilivyolikuta. Mteja akija nasema kitambaa hakijaletwa. Mteja akienda najilaza nyuma ya fremu za makochi, mahali ambapo anayepita nje hawezi kuniona. Huko ndiko mdogo wangu alikonikuta siku moja, akacheka, akaniita Godoro, na jina likashika mtaa mzima. Usiinamishe kichwa, ndugu yangu. Hukujua. Na mimi sikujua. Wote wawili tulidhani ni uvivu, tofauti ni kwamba wewe ulicheka na mimi nikajichukia.

Miaka tisa niliishi hivyo. Mwaka wa tisa ndipo likaja wazo kwamba ninyi mngekuwa na nafuu kama nisingekuwepo. Halikuja kwa kishindo, lilikuja taratibu, kama mtu mwenye busara anayenishauri kwa wema, na hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo, kwamba nililiamini. Nilikuwa naangalia mama yenu akifua, naangalia Mkubwa akifanya hesabu mezani, naangalia Mwalimu akitambaa, nasema moyoni, hawa wangekaa vizuri bila mimi. Mama yenu, usilie bado. Nikilia na mimi nitapoteza pumzi, na bado hatujafika patamu.

Mnaijua kanuni yangu: kiti hakitoki mkononi mwangu mpaka nimekikalia. Wengine hubonyeza kwa kiganja wakasema tayari. Mimi hukaa, nikasikiliza, mpaka springi ziache kulia na zikubali uzito wangu. Basi ile kliniki iliagiza viti kumi na vinne vya chumba cha kusubiria. Nilivitengeneza kwa kujikokota wiki sita badala ya mbili, nikavipeleka siku ya Jumanne asubuhi, nikavipanga ukutani, nikaanza kuvikalia kimoja baada ya kingine, wagonjwa wamesimama pembeni wananitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa kuliko wao. Viti kumi na vitatu vilikwenda vizuri. Cha kumi na nne nikakaa, springi zikanyamaza, na mimi sikuinuka.

Miguu ilikataa, wanangu. Nikasema nitapumzika kidogo, nikapumzika, nikaona machozi yanadondoka kwenye kitambaa kipya, nikaanza kuyafuta kwa mkono wa shati nisije nikaharibu kazi yangu mwenyewe. Akaja nesi na daftari, mama mnene mwenye sauti ya upole, akaniuliza jina na umri. Nikampa, nikidhani ndiyo taratibu za kupokea viti. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, nikaitwa, nikaingia, mfukoni nimeshika karatasi ya mzigo ili daktari aitie sahihi. Daktari hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi, akaniuliza, "Unalala vizuri, mzee?" Nilikuwa na miaka arobaini na minne, kuitwa mzee ilikuwa ni kunionea. Nikajiuliza, swali gani hili la kumuuliza fundi wa viti? Nikafungua mdomo nimwambie kwamba mimi nimeleta viti tu. Nikasikia sauti yangu inasema, "Hapana." Na baada ya hapo nilizungumza mpaka wale wa nje wakaanza kugonga mlango.

Nilitoka humo na vidonge na siku ya kurudi. Sikuwa nimepona, msije mkadhani ilikuwa ni uchawi. Vidonge vya kwanza vilinipa kichefuchefu, ikabidi nibadilishiwe, na ilikuwa mwezi wa tatu wa tiba ndipo nilipokunywa chai nikagundua kwamba ina sukari. Nilikaa na kile kikombe nikacheka peke yangu. Chai ilikuwa tamu! Tangu lini? Nikamwita mama yenu nikamwambia chai hii tamu, akaniambia nimeitia sukari ile ile ya kila siku, una nini wewe?

Hapo ndipo ningesema kweli, na hapo ndipo nilipoteleza. Mdogo wangu aliniona natoka katika lile jengo, akaniuliza nafanya nini kule kwa vichaa. Nikasema nimepeleka viti. Mwezi uliofuata akaniona tena, akauliza ni viti gani hivyo vinavyopelekwa kila mwezi, na akasema, tena mbele za watu, kwamba ikijulikana kuna mwenye kichaa katika ukoo wetu, mabinti zetu wataozea majumbani. Nikaogopa. Nikasema kuna mtaalamu wa mgongo kule nyuma, nachuliwa mgongo. Basi. Neno hilo moja likahamia nyumbani, likapewa chumba, likapewa ubao na mafuta na mikanda.

Mama yenu alilala juu ya ubao ule miaka minne, mpaka siku alipochoka akanifuata kliniki bila kuniambia, akaingia hadi kwa daktari na mkoba wake kwapani, akasema, "Daktari, naomba unieleze, mgongo wa mume wangu utapona lini, maana mimi wangu sasa ndio unaouma." Daktari akanigeukia, akasema, "Mzee mwenyewe atakueleza." Nikamweleza kwenye veranda, pembeni ya mabomba ya kunawia. Aliuweka mkoba chini. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nimelala juu ya mbao bure?" Ananifinya kidole, lakini mnaona anacheka, basi ni kweli. Alininunia siku tatu, siku ya nne akautoa ubao akautumia kuwa rafu ya masufuria, na Jumanne iliyofuata akaja kukaa nami kwenye viti vyangu. Lakini sote wawili tulikuwa waoga kwa ajili yenu, tukakubaliana kwamba nje na mbele ya watoto, mgongo ubaki mgongo.

Mkubwa, sasa nakuja kwako, na hili ndilo linalonikaba kuliko kifua. Ulikuwa na miaka ishirini na barua mkononi ya kwenda kusomea upimaji wa ardhi. Nilikuwa chumba cha pili nikakusikia unamwambia mama yako, "Nikienda, nani atabeba makochi? Baba na mgongo ule?" Nikakusikia unafungua droo, unaitia ile barua, unafunga. Ningeweza kutoka. Ilikuwa hatua sita. Ningesema, mwanangu, nenda, mgongo huu una uwezo wa kukubeba wewe na kochi lako. Lakini kulisema hilo kungenilazimu kusema na jingine, na nilikaa kitandani nikanyamaza, nikakuacha ubebe makochi miaka ishirini na miwili. Nimekukosea, mwanangu. Sina kisingizio, nina aibu tu, na ni hiyo hiyo aibu iliyofanya kosa.

Nenda nje kama unataka. Nenda. Mwacheni apite, mdogo wangu, usimshike.

Nipeni maji.

Umerudi. Umekuja na macho mekundu lakini umerudi, kaa hapa karibu. Unasema nini? "Ungeniambia, baba." Ndiyo, mwanangu. Ningekuambia. Sitaki unisamehe leo kwa sababu nakufa. Nisamehe siku utakayotaka wewe, na kama dunia bado ina ardhi isiyopimwa, una miaka arobaini na miwili tu, nami nilianza kuishi nikiwa na arobaini na minne.

Sasa chukua kisu kwenye meza. Mwalimu, inuka kidogo. Mkubwa, pasua mkono wa kushoto wa hilo kochi, hapo chini penye mshono wa mkono badala ya wa cherehani. Usiogope, nililishona mwenyewe, na ndiyo maana sikukuruhusu hata mara moja kulibadilisha kitambaa, ukawa unawaambia watu kwamba baba yako ana mkono wa birika. Ingiza vidole. Toa. Mpe dada yako.

Kadi za kliniki, mwanangu. Ziko saba. Hesabu mihuri, wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Kila mwezi muhuri mmoja, miaka ishirini na saba, na hakuna mwezi niliokosa, hata ule wa mvua iliyobeba daraja, nilizunguka kwa mguu. Watu hutundika vyeti ukutani. Mimi vyangu vilikuwa humo, na kila jioni mlipokuwa mmekaa hapo mkitazama televisheni, mlikuwa mmekalia ushindi wangu. Nasema ushindi, na naomba mlisikie neno hilo, kwa sababu wengine watanionea huruma na mimi siitaki. Ule ugonjwa ulirudi mara tatu. Mwaka tulipomzika mama yangu ulinijia mzima mzima, lakini mara hiyo niliujua kwa sura, na nilijua njia ya kwenda, na nilikwenda kabla haujavua viatu. Nimewaona nyote mkikua. Nimecheka mpaka nikashindwa kusimama siku Mkubwa alipoingia mtaroni na kochi la mwalimu mkuu. Nimecheza ngoma kwenye mahafali yako, Mwalimu, hadi watu wakasema, mbona mzee wa mgongo anaruka hivi? Miaka ishirini na saba yote hii nisingekuwa nayo. Niliichukua kwa mikono yangu, Jumanne moja moja.

Na sasa, binti yangu, miwani.

Miezi mitano unasema macho. Umepimwa, hawaoni kitu. Hii ni miwani ya tatu. Umeomba likizo shuleni, umefunga mapazia chumbani, mama yako anakuletea sahani na anairudisha kama ilivyokwenda. Wenzako wanadhani ni macho kwa sababu hawajawahi kuwa na mgongo kama wangu. Mimi nilikujua mwezi wa kwanza, nikanyamaza tena, Mungu anisamehe, kwa mazoea ya kunyamaza. Lakini Ijumaa nilikusikia jikoni unamwambia mama yako, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, kwamba ingekuwa nafuu kwa kila mtu kama usingekuwepo. Mwanangu, sentensi hiyo naijua. Ilishakaa kwangu. Inaongea kama rafiki na ni mwongo. Nilipoisikia kinywani mwako ndipo nilipoamua kwamba sitakufa na hii siri, hata kama nitaaibika mbele yenu wote, na tazama, nimeisema, na kumbe hata aibu yenyewe haikuja.

Najua unachoogopa. Wazazi watasema, huyu mwenye kichaa ndiye anayefundisha watoto wetu? Sitakudanganya, wapo watakaosema. Mimi nilijificha ili wasiseme, na ile hofu haikupungua hata kidogo, ilikula na kulala humu ndani bure, na mwisho ikanilia ujana wa kaka yako. Wewe usinirithi hapo. Rithi kadi. Kadi ya saba ina kurasa mbili tupu nyuma, lakini usizitumie, watakupa mpya yenye jina lako.

Nizungumze upesi sasa. Kifua kinafunga.

Mdogo wangu, siku ya kunizika, wewe ndiye utakayesoma habari zangu. Si mwingine. Simama mbele ya mtaa ule ule ulioufundisha kuniita Godoro, na utumie hilo domo lako kubwa kwa jambo la maana, useme: kaka yangu aliugua sonona, akatafuta tiba, akaishi. Usiseme mgongo. Unaitikia kwa kichwa. Nataka kwa mdomo. Vizuri. Nimekusamehe, nawe unisamehe, nyundo ni yako.

Mkubwa, mlinde mama yako, mpe kazi hata akikataa, maana akikaa bure ataanza kupanga upya nyumba za majirani. Mama yao... wewe na mimi tumeshazungumza yetu. Ulikaa kwenye vile viti pamoja nami. Sina zawadi ya kukurudishia.

Mwalimu. Umesema kitu. Sema tena, masikio yameanza kwenda.

Hapana, "nitakwenda" haitoshi, hata mimi nilisema nitakwenda miaka tisa. Lini?

Kesho. Wamesikia wote. Kesho ni Jumanne, wanafungua saa mbili. Kaka yako atakupeleka... ameinua mkono, mnaona, hata sijamwomba. Ukae naye, Mkubwa, mpaka aitwe. Usimwache peke yake pale.

Umevua miwani. Alhamdu... ah, macho yako mazuri. Yana machozi, lakini yanaona. Njooni wote, niwekeeni vichwa hapa. Mungu awape pumzi ndefu kuliko yangu. Awape watu wa kukaa nao kwenye viti vya kusubiria. Awape midomo isiyoogopa. Chakula kiwe na ladha vinywani mwenu... mkicheka, mcheke kwa sauti...

Kidogo. Ngoja. Bado moja.

Nikiondoka leo, msije mkafanya msiba kuwa sababu. Mimi sitakuwa na haraka, nitawasubiri. Nendeni kliniki kwanza. Nizikeni jioni... asubuhi mna kazi.